Maji ya Kisima cha Juu

Tok.

Ilikuwa sauti ya mtungi ukiwekwa juu ya jiwe. Kisha tok nyingine, ya mtungi wa pili, polepole zaidi, kama ya mtu aliyechoka mikono.

Bi Mabruka aliisikia akiwa bado amejifunika blanketi, ndani ya chumba chake kilichochimbwa kilimani. Alfajiri ilikuwa haijaadhiniwa. Nyayo zilipoondoka mlangoni alisema kimoyomoyo, "Mungu akuweke, Belgasem." Tangu mumewe afariki, jirani yake huyo hakuwahi kuacha asubuhi ipite bila kumletea maji. Hakubisha hodi, wala hakungoja shukrani.

Nje upepo haukutulia. Juu ya milima ya Matmata mawingu ya kwanza ya vuli yalikuwa yamejazana.

Jua lilipochomoza, Hniya, mke wa mwanawe, aliteremka na mbuzi hadi kisima cha chini, kile kilichochongwa mwambani kuhifadhi maji ya mvua. Alisukuma kifuniko cha mbao, akateremsha ndoo. Ndoo iligonga kitu, na kitu hicho hakikuwa maji.

Aliinama kutazama. Ukelele wake ulisikika bonde zima.

*

Inspekta Lazhar Dhawadi alifika kutoka Gabes akiwa hajanywa hata kahawa. Alikuwa mwembamba, wa makamo, na hakujua kukaa. Ofisini alisoma majalada akiwa amesimama. Alikizunguka kisima kile mara kadhaa kabla hajauliza chochote.

Maiti ilikuwa imelazwa juu ya turubai. Marehemu alikuwa Mundhir Chelbi, mpima ardhi wa kampuni iliyokuwa ikijenga njia ya umeme mkubwa kutoka kusini. Kampuni hiyo ilikuwa imesimamisha minara ya chuma kilima baada ya kilima, na sasa ilikuwa imefika kwenye bonde hili.

"Amekufa tangu jana jioni," alisema daktari wa polisi. "Ana jeraha kisogoni. Aligonga ukingo wa mwamba akiporomoka."

"Kwa hiyo ni ajali," alisema Koplo Anis, msaidizi wa Lazhar. "Alikuwa mgeni, giza likaingia, akatumbukia."

"Hniya alikikuta kisima kikiwa wazi au kimefunikwa?"

"Kimefunikwa, mkuu."

"Basi niambie, Anis, mtu akitumbukia kisimani, anajifunikaje?"

Anis alikigeukia kifuniko cha mbao.

Pamoja na maiti walikuwa wametoa vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Vilikuwa vikielea majini. Ni vigingi ambavyo wapimaji hupigilia mahali utakaposimama mguu wa mnara, na kila mtu pale alijua vilipotoka. Wiki iliyopita vilikuwa katikati ya mizeituni ya Bi Mabruka.

"Ridha," alinong'ona mtu kwenye kundi.

"Ridha ni nani?"

Wote wakatazama miguu yao. Koplo Anis, aliyekuwa ameshawauliza watu mkahawani, ndiye aliyejibu. Ridha alikuwa mwana wa Bi Mabruka. Siku tatu zilizopita, mkahawani, alisimama juu ya kiti akaapa kwamba mpima huyo akikanyaga tena shamba lao, atamzika chini ya mnara wake mwenyewe.

*

Walimhoji ndani ya gari la polisi. Alikuwa kijana mpana wa mabega. Kidevu alikiinua, lakini vidole vyake havikutulia.

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje ni kubwa, Ridha."

"Nilikuwa natembea. Siku hizi na kutembea kunataka kibali cha kampuni?"

"Ulitembea na nani?"

"Na miguu yangu."

"Vigingi uliving'oa wewe?"

"Natamani ningeving'oa mimi."

"Na Mundhir?"

Kidevu kilishuka. "Yule mtu alikula mkate kwa mama yangu. Niliropoka, ndiyo. Mimi kila mwaka huropoka. Waulize watu wote."

"Sema ulikuwa wapi, nikufungulie mlango sasa hivi."

Ridha aligeukia dirisha. Kule nje mama yake alikuwa amesimama katika upepo, ameshika mtandio wake wa sufu kwa mikono miwili.

"Siwezi," alisema.

Wakamfunga pingu. Bi Mabruka hakupiga kelele. Alisogea tu, akamfunga mwanawe kifungo cha juu cha shati, kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi. Anis, ambaye alipaswa kumzuia, alitazama pembeni.

Simu ya Lazhar iliita. Alikuwa kamanda wake.

"Umeshamkamata?"

"Nimemkamata mtu."

"Basi funga jalada. Mafundi wa kampuni wanataka kuendelea na kazi kabla ya mvua."

"Na mimi nataka kuendelea na yangu, kamanda."

Alikata simu, akaanza kupanda bonde kwa haraka, kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

*

Bonde lile lilikuwa limekatwa kwa matuta makubwa ya mawe na udongo, moja juu ya jingine kama ngazi. Kila tuta lilizuia maji ya mvua na udongo uliokuja nayo, na nyuma ya kila tuta iliota mizeituni na mitini. Pasipo matuta hayo, bonde lingekuwa kokoto tupu. La chini lilikuwa la Bi Mabruka. Kisima kilikuwa kando, na juu ya kisima lilianza tuta la jirani yake, Mzee Belgasem.

Lazhar alichuchumaa katikati ya mizeituni. Aliona matundu ya vigingi. Aliyeving'oa alikuwa amesukumia udongo kwa soli ya kiatu, mara mbili tatu, akaondoka. Alama za soli zilikuwa wazi: kiatu cha mjini, chenye kisigino. Huku watu walivaa ndara na mabuti ya mpira.

Alipiga picha, akashuka tena hadi kwenye turubai, akatazama miguu ya marehemu. Soli ilikuwa ile ile.

"Mundhir aling'oa vigingi vyake mwenyewe," alimwambia Anis.

"Kwa nini, mkuu? Si ndiyo kazi yake kuvipigilia?"

"Hilo ndilo linaloniwasha."

*

Bi Mabruka alimkaribisha kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumpokea mtu mlangoni, hata aliyemchukulia mwana. Alimwekea mkate wa shayiri, mafuta ya zeituni na tini kavu. Akainjika buli la chai juu ya makaa.

"Kaa, mwanangu."

"Nitasimama tu, bi mkubwa."

"Kaa. Unanitia kizunguzungu."

Lazhar akakaa.

"Marehemu alikuja hapa lini?"

"Wiki iliyopita. Nilimkasirikia mwanzo, nikamwambia, wewe ndiye unayetaka kuniwekea zimwi la chuma shambani. Lakini alikuwa na midomo mikavu, maskini. Nikampa chai. Nikampa mkate. Nikamwonyesha mizeituni, mmoja mmoja, nikamwambia huu mume wangu aliupanda Ridha alipozaliwa. Akanyamaza sana. Alipokuwa anaondoka akasema, 'Mama, nitajaribu.'"

"Kujaribu nini?"

"Sikumwuliza. Watu wa ofisini husema hivyo wakitaka kuondoka." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ana watoto?"

"Binti mmoja."

"Ya Rabi."

Alimimina chai kutoka juu, ikatoa povu. Lazhar alipiga funda, akakunja uso bila kukusudia. Chai ilikuwa na ukakasi uliobaki ulimini.

"Samahani, mwanangu, si majani," alisema Bi Mabruka haraka, kwa haya ya mwenye nyumba. "Ni maji. Haya ni ya kisima cha juu, kule kwenye mwamba wa jasi, unaotia maji uchungu. Ya kisima cha chini ndiyo matamu. Belgasem leo kanipandia mpaka juu kunitekea, na magoti yake yale. Sijui kama kuna jirani kama yeye duniani."

"Kwa kawaida hukuletea ya wapi?"

"Ya chini. Kila siku ya chini, ni karibu. Leo lakini angechotaje huko, na maiti ya watu imo ndani?"

"Kweli," alisema Lazhar. Aliweka gilasi chini. "Alikuletea saa ngapi?"

"Kabla ya adhana ya alfajiri, kama siku zote. Mimi nilikuwa..."

Alilirudisha buli juu ya makaa.

Makaa yalilia. Kule nje upepo ulikuwa ukibamiza mlango wa zizi. Hniya alikuwa amemwona marehemu jua limekwisha kuchomoza. Kabla ya hapo, kijiji kizima kiliamini kwamba kisima cha chini kina maji matamu.

Bi Mabruka aliitazama mitungi miwili iliyosimama karibu na mlango. Aliitazama kana kwamba ni watoto wake waliokuja na habari mbaya.

"Usinifanye niseme, mwanangu," alisema taratibu.

"Umeshasema, mama. Nisamehe."

"Mmoja ni mwanangu. Na huyu mwingine..." Alichukua gilasi ya Lazhar, akamwaga chai nje ya mlango, akakaa kizingitini akiwa amempa mgongo.

*

Lazhar akiwa njiani kupanda kwa Belgasem, Anis alimpigia simu.

"Mkuu, Ridha kasema. Jana magharibi alikuwa kwenye kambi ya mafundi, anaomba kazi ya kulinda minara. Msimamizi amethibitisha, walikuwa naye mpaka baada ya isha. Analia. Anasema mama yake asijue."

"Mfungue pingu. Mpe na chai."

"Ya mkahawani ni mbaya, mkuu."

"Mpe hiyo hiyo."

Mzee Belgasem alikuwa juu ya tuta lake. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye kofia nyekundu iliyofifia. Alikuwa amepiga magoti, karai la udongo uliochanganywa na makapi ya shayiri pembeni yake, akishindilia kwa mkono na kulitazama wingu, akishindilia na kulitazama wingu. Hakugeuka aliposikia hatua.

Lazhar alitazama anachofanya. Juu ya tuta kulikuwa na matundu, kipimo kile kile cha vigingi. Lakini haya hayakusukumiwa udongo kwa kiatu. Yalikuwa yamezibwa kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, na kulainishwa kwa kiganja. Lilibaki moja.

"Salamu aleikum, mzee."

"Waaleikum salam. Utanichukua sasa hivi?"

Lazhar hakutegemea swali hilo. "Kwa kosa gani?"

"Nimekuona ukitoka kwa Mabruka. Umekunywa chai yake, sivyo?"

"Nimekunywa."

"Ni chungu." Mzee alichota udongo. "Nilifikiria hilo njiani, mitungi ikiwa mgongoni. Nikasema, atauliza kwa nini ni chungu. Lakini ningefanyaje? Ningempa maji yale anywe?"

"Ungeacha kupeleka leo."

Belgasem aligeuka kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Angeamka akute hamna maji?"

Lazhar hakubishana. Alichuchumaa karibu naye.

"Nieleze, mzee. Una haki ya kunyamaza mpaka upate wakili. Nakuambia mapema."

"Nikinyamaza, udongo huu utakauka mkononi. Sikiliza." Alisema huku akishindilia. "Nilikuwa nimefunua kisima nitawadhe kwa ajili ya magharibi. Akaja kwa furaha. Akaniambia, 'Mzee, nimeiokoa mizeituni ya Mama Ridha. Mnara nimeuhamisha.' Nikamwambia Mungu akubariki, mwanangu. Mimi ndiye niliyezunguka na Mabruka kila ofisi tukipinga mnara ule. Kisha nikaona vigingi amevipigilia wapi."

"Hapa."

"Hapa hapa, mgongoni mwa tuta. Nikamwambia, ukichimba msingi hapa tuta litapasuka kwa mvua ya kwanza. Na likipasuka hili, maji yote yanashukia la Mabruka, na hiyo mizeituni unayosema umeiokoa itakwenda nayo. Akanionyesha ramani. Kwenye ramani hapa ni mawe matupu. Nikasema nitaweka pingamizi. Akasema muda wa pingamizi kwa bonde hili umekwisha. Nikamwuliza, umekwisha vipi, na jina langu halikubandikwa kwenye tangazo hata siku moja? Mabruka walimwandikia, walimwita, alisema yake hata kama hawakumsikiliza. Mimi nitasema wapi?"

"Akasema nini?"

"Akanyamaza. Nadhani aliona. Lakini alikuwa amechoka, jua limezama, akasema, 'Tutaongea kesho, mzee.' Kesho ya watu wa ofisi naijua. Nikang'oa kigingi cha kwanza. Akakishika. Akavuta, nikavuta, tunateremka huku tunavutana kama watoto, mpaka pale kisimani. Nikakiachia."

"Ulikiachia tu?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya udongo.

"Hapana. Nilimsukuma nacho. Andika hivyo. Nilimsukuma."

Upepo uliinua vumbi kati yao.

"Nilimwita. Jina lake nilikuwa nimelisahau kwa hofu, nikamwita, mwana wa watu, mwana wa watu. Nikateremsha kamba. Kamba ikarudi nyepesi. Vigingi vingine nikaving'oa nikavitupa humo humo, sikutaka kuviona. Nikafunika."

"Kwa nini ulifunika?"

"Watoto wa Hniya hucheza pale."

Alisema hivyo kama jambo lisilohitaji kuelezwa. Lazhar, aliyekuja akikifikiria kifuniko kile kama hila ya muuaji, alikitazama kule chini kikiwa kimeegemea mwamba.

"Na Ridha?" aliuliza. "Umeona anafungwa pingu. Umeona mama yake akimfunga kifungo."

Hapo ndipo Belgasem alipolia, bila sauti, mabega tu. "Nimeona. Nilijiambia, tuta kwanza. Mvua ikiingia kwenye matundu haya, matuta yote mawili yamekwenda, langu na lake. Nizibe, kisha nishuke mwenyewe. Nimekimbizana na wingu tangu asubuhi. Tundu moja tu limebaki. Ridha nitamwambia nini, sijui."

Lazhar alitazama juu. Tone la kwanza lilimpiga shavuni. Alitazama gari la polisi kule chini, akamkumbuka kamanda wake.

Akavua koti.

"Karai lipitishe huku," alisema. "Ninashindilia namna gani?"

"Si kwa vidole. Kwa kiganja. Kama unampigapiga mtoto alale."

*

Mvua ilinyesha siku mbili. Katika ripoti yake Lazhar aliandika kila kitu, na msukumo pia, kama alivyoombwa. Aliandika vilevile kwamba vigingi vilipigiliwa katika ardhi ya mtu bila mwenyewe kuitwa wala kuandikiwa, jambo ambalo sheria hairuhusu, na kwamba laiti angeitwa, watu wawili wangekuwa majumbani kwao. Kamanda alitaka mstari huo utolewe. Lazhar aliusoma upya akiwa amesimama, akauacha. Mwendesha mashtaka alizuia kazi bondeni hadi hakimu aje alione tuta kwa macho yake, na mwenye tuta asikilizwe, hata kama ni kutoka gerezani.

Bi Mabruka alikwenda kwanza Gabes kwa mjane wa Mundhir, kwa gari la Lazhar. Alikaa naye chini, akamwambia kwamba mumewe alikuwa na moyo mwema, na kwamba alikufa baada ya kujaribu. "Ni mkate wangu uliomwingiza katika haya," alimwambia Lazhar walipokuwa wakitoka.

"Mkate hauui, bi mkubwa."

"Nimejaribu kujiambia hivyo. Nipeleke kwa yule mwingine."

Chumba cha wageni gerezani kilikuwa na meza moja na benchi mbili. Belgasem aliingia akiwa amevuliwa kofia, na bila kofia alionekana mdogo zaidi. Lazhar alisimama mlangoni. Bi Mabruka alitoa mkate wa shayiri kwenye kitambaa, akatoa na chupa ya maji. Akavisukuma mezani bila kumtazama.

"Ulimwacha mwanangu afungwe pingu mbele yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Siku nzima."

"Ndiyo, Mabruka."

"Nimekuja kukwambia hilo tu."

Belgasem aliinamisha kichwa. Alifungua chupa, akanywa, akaonja tena.

"Ya juu," alisema.

"Kisima cha chini bado wanakikausha. Ridha ndiye anayepanda kuniletea sasa. Analalamika njia nzima, namsikia kabla hajafika." Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. "Kazi ya minara kaiacha."

"Tuta?"

Hatimaye alimtazama.

"Lilishika," alisema. "Yote mawili."

Mzee alifunika uso kwa viganja vyake, ambavyo bado vilikuwa na udongo kwenye kucha. Askari jela aligonga mlango kwa funguo. Bi Mabruka aliinuka, akajifunga mtandio, akaanza kuondoka. Chupa aliiacha mezani.

"Mabruka."

Alisimama, akiwa bado amempa mgongo.

"Uje tena," alisema Belgasem. "Hata kama ni kunigombeza tu."